Nilimwondolea mama salongo, sasa yuko peke yake

Admin, nifiche jina, huku kwetu tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 31, mzaliwa wa Buleusa, Walikale. Nasoma masta ya sera za umma mjini. Profesa wetu hapendi kazi za kunakili. Alituambia: "Muende mu village, mutafute problème moja, muitengeneze na watu wenyewe." Nikachagua nyumbani, nikijiona mjanja kweli.

Kwetu kila Jumamosi asubuhi kuna salongo: kila nyumba inatoa mtu mmoja kutengeneza barabara, na asiyefika ananyang'anywa kuku. Mama yangu ni mjane na mgongo unamuuma. Nilizunguka na makaratasi yangu nikiwauliza wajane kama salongo inawachosha. Wote walisema ndiyo. Nikapendekeza wasamehewe, chifu akakubali tujaribu. Siku ilipotangazwa nililia kwa furaha. Profesa alisema kazi yangu ndiyo bora darasani.

Kisha maharage yakakomaa. Shambani kwa mama hakuja mtu. Tulivuna wawili, mengine yakaozea mvuani. Nilipomuuliza jirani, hakukasirika hata kidogo: "Dada, kazi ya mashamba tunaipangaka kule ku salongo, kama tumemaliza barabara. Wewe mwenyewe njo ulisema wao bapumuzike." Nimekaa shuleni miaka mingi mpaka nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa Buleusa analijua. Aibu ilinishika, jamani.

Jumamosi moja mama alichukua jembe akaenda mwenyewe. Wakamrudisha kwa heshima zote: "Mama, rudia ku nyumba, karatasi ya mutoto wako inasema upumuzike." Alikaa mlangoni akisikiliza wenzake wakiimba barabarani. Mimi nilikuwa ndani naandika hitimisho. Nikatoka kumwomba msamaha, akasema bila kuniangalia: "Nilikuambia nachoka. Sikusema munitoshe mu watu, muniondoe kati yao."

Tangu hapo mama anakula mlangoni, mimi ndani. Wajane wengine wakiniona wanapita njia ya juu. Sina wa kuongea naye, ndiyo maana nawaandikia nyie msionijua.

Nilimwendea chifu afute ule uamuzi. Akanijibu: "Masomo njo iliingiza hii kitu, masomo iitoshe. Lete karatasi ya profesa." Na wiki ijayo natetea kazi hiyo hiyo mbele ya walimu. Nikisema ilikosea, huenda nikarudia mwaka mzima. Mwenzangu wa darasa ananiambia nichukue diploma kwanza, ukweli utafuata. Lakini profesa anataka vijiji vya Mpofi na Kashebere viige mfano wetu, na huko pia kuna mama za watu.

Ndugu zangu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini: mtu anasimamaje mbele ya walimu waliokwisha kumsifu, na kuwaambia kwamba kazi yake imemtenga mama yake na watu? Nianze na neno gani?