Anayeharibu Mashine ya Maji Ni Mtoto wa Mtani Wangu

Kwako mtunzaji wa ukurasa huu, na kwenu wasomaji nisiowafahamu kwa sura, naomba mnipokee. Mimi ni mwanamume mwenye umri wa miaka hamsini na sita, mkulima wa korosho na ufuta katika kijiji kimoja baina ya Nachingwea na Ruangwa, ambacho jina lake nalizuia kwa sababu mtakazozielewa. Nina mke, watoto na wajukuu. Jicho langu la kushoto halioni.

Katika miaka ya tisini nilikabidhiwa ulinzi wa mashine ya maji ya kijiji, iliyotumia dizeli kuvuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi. Kabla yangu wezi walikwisha kuiba mkanda wake na mabomba, wanawake wakarudi kuchota vidimbwini, na watoto kadhaa tukawazika kwa kuhara. Ilipotengenezwa, mkutano wa kijiji ulipitisha kwamba mtu yeyote asiye mlinzi akiigusa apigwe papo hapo, na kila aliyepo ni lazima apige, ili asipatikane wa kumshitaki mwenzake.

Baadaye mama yangu mzazi alifariki dunia. Kama ilivyo desturi yetu, watani walifika msibani kufanya vituko vyao, kwani mtani ana haki ya kushika kitu cha mfiwa hadi kikombolewe. Mtani wangu Saidi, ambaye koo zetu zimetaniana tangu kwa mababu, aliingia ndani mwangu, akachukua hendeli ya kuwashia mashine, akaiweka begani kama bunduki.

"Mlinzi kafiwa na mama yake," alitangaza, "na mashine nayo ikae matanga! Hamnywi maji hapa mpaka nipewe jogoo!"

Waombolezaji walicheka, nami nilicheka katikati ya machozi. Saidi akaondoka akiimba, akaenda kuketi juu ya mashine. Hakuna aliyemzuia, maana kumzuia mtani msibani ni kumvunjia heshima marehemu.

Kelele tulizisikia tukiwa tunachimba kaburi. Nilipofika, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikuwa wamemzunguka. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda pasipo na goti, na meno yake yalikuwa juu ya sementi. Nilipiga ukelele, "Mwacheni! Huyu ni mtani wangu, yuko msibani!"

Kamanda wao alinigeukia akihema. "Sheria haina mtani. Kaigusa, hakuigusa?"

"Kaigusa kwa utani!"

"Basi piga na wewe. Asiyepiga ni mwenzake."

Nilikataa. Aliichukua hendeli ile ile iliyokuwa imelala kwenye damu ya Saidi, akanipiga nayo usoni. Nilianguka juu ya miguu ya mtani wangu. Niliendelea kusikia fimbo zikitua mwilini mwake, na sauti yake ikiniita, kisha nikaacha kuisikia. Siku ile kijiji kilichimba makaburi mawili. Polisi walikuja wakauliza. Watu wote walikuwa wamepiga, na watu wote wakasema hawakuona. Mimi nililetewa pole, na hata leo husifiwa mikutanoni kana kwamba niliumia nikiilinda mali ya umma. Sifa hiyo hunichoma.

Mjane wake alikimbilia kwao upande wa Mbekenyera pamoja na mtoto wao mchanga. Mtoto huyo sasa ni kijana. Amerejea kulima shamba la baba yake, na tangu arejee mashine haitulii: mara mkanda umekatwa, mara bomba limepasuliwa kwa shoka. Fundi huletwa kutoka Nachingwea, akitengeneza leo, kesho imeharibiwa.

Ijumaa iliyopita, wanaume wengi wakiwa msikitini, mimi ambaye ni Mkristo nilikuwa nikitoka shambani. Nilimkuta kijana huyo amefungua tangi la mafuta la mashine, anamimina mchanga kwa kiganja, taratibu. Hakushituka.

"Shikamoo, mtani," alisema. "Hilo jicho lililobaki linaona vizuri?"

"Marahaba. Linaona."

"Basi wahi ukawaite. Waliompiga baba mikono bado wanayo."

"Mwanangu, maji haya wanakunywa watoto ambao hawakuwapo."

"Hata mimi sikuwapo," alijibu. "Mama alinieleza kuwa walifungulia bomba hili wakasafisha damu yake, kisha jioni wakateka maji ya kupikia."

Alilosema ni kweli.

Hivi sasa mashine imekufa. Zahanati yetu inazalisha akina mama kwa maji ya vidimbwini, na mjukuu wangu wa mwisho anaharisha tangu juzi. Kamanda yule ndiye mwenyekiti wetu wa kijiji. Ameirudisha sheria ile ile, na vijana wamekwisha kukata fimbo. Ameniomba niwaapishe keshokutwa, mbele ya mkutano, kwa heshima ya jicho langu.

Kijana nilimsihi aondoke kijijini, akakataa. Polisi wako mbali, na mtuhumiwa wa mwisho aliyekamatwa hapa ili apelekwe kituoni alitwaliwa na umati njiani, akafika maiti. Nikimtaja, nitakuwa nimempa yule kamanda mtoto baada ya kumpa baba. Nikinyamaza, huenda nikamzika mjukuu wangu mwenyewe, na akina mama wa watu. Nikikataa kuwaapisha, wataniuliza namficha nani, na jibu watalitafuta kwa fimbo.

Ndugu zangu, sitafuti kusifiwa wala kuhurumiwa. Mkutano ni keshokutwa, nami nitaitwa mbele kusema. Nielekezeni: niseme nini?