Skripti Iliyoitikia Kila Kitu

Nakumbuka, mwanangu, Ijumaa moja ya mvua mjini Bukoba, siku niliyofuta kazi ya wiki tatu ya rafiki yangu bila hata kuigusa kompyuta yake. Nilikuwa upande wa pili wa meza, nakunywa chai na kujisifu moyoni.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa mtaa ule ule na aliyezungumza Kihaya kunishinda. Tulikuwa watatu, tukikusanya habari za migomba ya kwetu. Mkubwa wetu alikuwa Ta Leonidas, yaani Mzee Leonidas, mwalimu mstaafu wa hisabati. Adventina alizunguka vijijini kuwasikiliza mabibi wakitaja aina za migomba yao na matumizi yake, akiandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Mimi, binti wa Kagoma mwenye cheti kipya cha chuo, nilitunza programu. Nilikuwa mwembamba siku hizo, usicheke.

Mafaili yote tuliyaweka kwenye mfumo wa kutunza matoleo, ule unaokumbuka kila badiliko la kila faili ulilokwisha kuliingiza. Faili ambalo hujaliingiza haulijui, na likifutwa limekwenda. Ili tusihangaike na amri ndefu, Ta Leonidas alikuwa ameandika skripti fupi ya kuuamrisha mfumo huo. Ukiandika safisha na jina la folda, ilifuta mafaili yote ya humo ambayo hayajaingizwa. Ukiongeza chaguo la --jaribu, ilikuonyesha tu ingefuta yapi, bila kugusa kitu.

Machaguo yalipozidi kuongezeka, skripti ikaanza kuyachanganya, na Ta Leonidas akanipa kazi ya kuirekebisha. Alinieleza kwa utaratibu wake wa darasani: chaguo lisomwe popote lilipoandikwa, kabla ya jina la folda au baada yake, na lile lisilojulikana lisimamishe kazi yote.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Ndiyo, Ta."

Sikuwa nimeelewa hata nusu. Lakini nimelelewa Kagoma mimi, na kwetu mkubwa akimaliza kusema unaitika, huanzi kumrudisha nyuma kwa maswali. Basi nikaandika kile kidogo nilichokishika. Skripti yangu ilisoma machaguo yaliyotangulia jina la folda. Ikishalipata jina, maneno yaliyobaki iliyatupa kimya kimya. Chaguo isilolijua nalo ililipita bila kusema neno. Hilo la mwisho nililifanya makusudi kabisa, nikaliona ni adabu. Baadhi ya waliotumia skripti hiyo walikuwa walimu wastaafu waliotusaidia vijijini, sasa programu ya mtoto wa juzi iwaambie wamekosea?

Ijumaa hiyo Adventina alikuwa ametoka Kaagya, kwa bibi mmoja aliyeitwa Ma Justina. Kwa wiki tatu alikuwa akishinda jikoni kwa bibi huyo, anaandika. Hakuwa ameyaingiza mafaili yake kwenye mfumo, kwa sababu alitaka kwanza arudi amsomee Ma Justina, amsikie akikubali kwamba ndivyo alivyosema. Siku hiyo alitaka tu kuona ni mafaili yapi hayajaingizwa. Akaandika safisha, akaandika kaagya, akamalizia na --jaribu, kama alivyozoea siku zote.

Skripti yangu haikulalamika. Ikasema, "Imekamilika."

Adventina akaifungua folda, akaikuta tupu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Waitu, jamani, Ma Justina anasahau sana siku hizi. Nitamwambia nini?" Machozi yakamtoka, na yangu yakafuata.

Ta Leonidas alijaribu kila njia aliyoijua ya kuyarudisha, ikashindikana. Kisha akaisoma skripti yangu mstari kwa mstari, taratibu, kama anayesahihisha mtihani. "Uliniambia umeelewa," alisema kwa sauti ya chini. Akaniagiza niende Kaagya na Adventina, nikaseme kwa kinywa changu.

Ma Justina alitupokea kwa akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna anayopewa mgeni. Nikaitafuna huku nikikiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema basi, tuanze upya. Akawa anataja migomba mmoja mmoja, Adventina anaandika, na mimi naitikia kila jina, "Ndiyo, Ma. Ndiyo, Ma," ili asione nimemsumbua bure. Alipofika jina la nne au la tano akanigeukia.

"Huo unaujua?"

"Ndiyo, Ma."

"Twende kibanjani ukanionyeshe."

Tukatoka mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilizunguka humo nikiwa sina pa kuelekeza kidole, matope yamenifika kwenye vifundo vya miguu. Bibi wa watu alicheka mpaka akajishikiza kwenye mgomba. Alipomaliza kucheka akanishika mkono.

"Omwana wange," alisema, "ukisema hujui, nitakufundisha. Ukisema ndiyo, mimi nifanye nini?"

Tuliporudi mjini nilimfuata Ta Leonidas nikamuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Nikaiandika upya sehemu ile. Sasa skripti ilisoma maneno yote ya amri hadi la mwisho kabla ya kugusa faili hata moja, na ikikuta chaguo isilolijua ilisimama na kusema: "Hili silijui. Sijafuta kitu." Mwalimu mmoja mstaafu alinuna kwamba kompyuta inamjibu. Nilimwomba radhi, skripti nikaiacha vile vile.

Kaagya tulirudi mara nyingi. Karibu majina yote yalipatikana, isipokuwa moja, la mgomba ambao ndizi zake Ma Justina alipikiwa na mama yake alipojifungua mtoto wa kwanza. Adventina aliikumbuka habari yenyewe, jina likawa limemtoka. Ma Justina alifumba macho akalitafuta, wapi. Mwishowe akamgeukia Adventina, akatabasamu.

"Mbona nilikwisha kukupa, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye unalo."

Hatukuwa nalo, na hatukuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba lilifutwa. Aliaga dunia kabla ya mavuno ya kahawa. Adventina alinisamehe zamani, ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo. Lakini mimi nikipita Kaagya hadi leo natazama migomba ile na roho inaniuma.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe uliyeanza kazi hizi juzi. Programu yako ikiambiwa jambo isilolijua, isimame na iseme. Nawe uwe hivyo. Mkubwa akikuuliza kama umeelewa, na hujaelewa, mwambie, "Sijaelewa, naomba urudie." Uso utakuwaka kidogo, kisha utapoa. Kuitikia bila kuelewa nilikuita heshima kwa miaka mingi, kumbe nilikuwa naogopa tu.

Mungu akubariki, abariki mikono yako na hao unaowafanyia kazi. Akujalie wepesi wa kusema "sijui" mapema, wakati wenye majibu bado wapo.