Chungu Kilichopasuka Kabla Hajafika

Ukitaka kumjua Kudra, chukua chungu chake ukigonge kwa kidole. Kinalia. Wanunuzi wa gulio la Korogwe wanalijua hilo, ndiyo maana vyake huisha kabla jua halijakolea. Wafinyanzi wenzake kule kijijini, upande wa Handeni, wanalijua pia, ingawa hawasemi.

Mguu wake wa kushoto ulipooza alipokuwa na miaka minne, baada ya homa. Haukumzuia kuolewa, kuzaa wala kufinyanga. Udongo hufinyangwa kwa mikono. Kilichomsumbua ni fikra za watu. Wanawake wa pale huchoma vyungu pamoja, moto mmoja, na chungu kikipasuka hutafutwa aliyekuja na mkosi. Mwaka jana vilipasuka vitatu. Macho yote yakashuka kwenye mguu wa Kudra.

Hakuna aliyemfukuza, watu wetu ni wastaarabu mno kwa hilo. Bi Rukaya, mkubwa wa kikundi, alimfuata nyumbani na maneno matamu: asijisumbue kupanda kile kilima cha kuchomea, alete vyungu tu, watamchomea. Kudra alishukuru, lakini roho haikutulia. Huruma ya ghafla namna ile ilimtia wasiwasi. Vyungu viliporudi akavigonga kimoja kimoja. Havikulia. Vilikuwa vimeiva nusu, na chungu kilichoiva nusu hakuna wa kukinunua.

Mara iliyofuata alituma vyungu kama kawaida, lakini hakumwambia mtu kuwa naye anakwenda. Alishika mkongojo wake akapanda polepole, akisimama kila mara kusikiliza. Alikuwa bado chini korongoni aliposikia mlio wa kupasuka, kisha mwingine. Vyungu viwili vimekwenda. Aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Leo hayupo, watamsingizia nani?

Alipofika aliutazama moto kwanza. Kwenye moto mkubwa vilikuwamo vyungu vya wengine. Vyake vilikuwa pembeni, juu ya vijiti vichache, visije vikagusana na vya wenzake. Kumbe ndivyo alivyokuwa akichomewa. Hasira ilimpanda. Aliinama akapapasa kitako cha chungu cha Hafsa, mmoja wa wenzake, kilichokuwa kikisubiri zamu ya pili, akakuta unyevu. Akawaambia ni mvua ya juzi, vyungu havikukauka, waguse wenyewe. Hakuna aliyegusa. Bi Rukaya akamuuliza ametoka nyumbani saa ngapi.

"Nilikuwa korongoni vilipopasuka, mama. Sikuwa nimefika."

"Basi ulikuwa unakuja," alisema Bi Rukaya, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Siku hizi Kudra anachoma peke yake nyuma ya nyumba, kuni akizikusanya wiki nzima, na vyungu vyake vinalia tena. Mwezi uliopita kimoja kilipasuka. Kabla hajakumbuka kuukagua udongo, alijikuta anautazama mguu wake.