Vumbi la Risasi

Aliyeyapa madini ya risasi jina lilelile la kitu kitokacho kwenye mtutu wa bunduki hakukosea hata kidogo. Tofauti ni moja tu: ya bunduki ina mlio. Ya machimboni huja na upepo, ikatua dirishani, ikamngoja kimya mtoto anayetambaa, atie kidole kinywani.

Bi Merle Tregenza alizaliwa kwenye mji wa machimbo ya risasi, bara kavu ya Australia, katika nyumba ya mabati iliyo chini ya rundo la taka za mgodi. Baba yake alichimba risasi, marehemu mumewe alichimba risasi, na sasa Brenton, mume wa bintiye, anaichimba. Vumbi lile Merle alilila na mkate tangu utotoni. "Mbona sisi tumelila, na tupo?" ndivyo wasemavyo wazee wa pale, kana kwamba waliokufa wana nafasi ya kubisha.

Naye alikuwa akisema hivyo hivyo, mpaka mjukuu wake Bonnie alipotobolewa kidole kliniki, na muuguzi akaja na majibu bila kutabasamu. Risasi ilikuwa imezidi kwenye damu ya mtoto. Hula akili taratibu, muuguzi alisema, na kilicholiwa hakirudi. Tegan, mama wa mtoto, hakulia. Alisema neno moja tu walipofika nyumbani.

"Vipimo vijavyo vikipanda, mimi na Bonnie tunahamia pwani. Brenton akitaka abaki na mgodi wake."

Tangu siku ile hofu ilihamia kwa Merle kama mpangaji asiyelipa. Alikuwa akishinda na mtoto huyo wazazi wakiwa kazini, kwa hiyo kama kuna mtu wa kumlinda, ni yeye. Muuguzi alikwishawaeleza: msifagie vumbi likiwa kavu, futeni kwa kitambaa kibichi, na kwenye mazulia tumieni mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la matundu madogo mno. Ile isiyo na chujio zima, alionya, hunywa vumbi kwa mbele ikalitema kwa nyuma, jembamba zaidi, lisiloonekana.

Mashine iliponunuliwa Merle aliifunga mwenyewe juu ya meza ya jikoni. Alivaa miwani, akaupachika mfuko, akalisukuma chujio kwenye nafasi yake nyuma mpaka likalia ka!, akaunga bomba, akauvuta waya wote nje usije ukapata moto, akakausha mikono mara mbili kabla ya kugusa plagi. Ilipounguruma aliruka nyuma. Brenton alicheka hadi akashika mlango.

"Mama, haing'ati hiyo!"

"Wewe cheka tu. Vua viatu hukohuko nje kabla sijakufyonza na wewe."

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Kila asubuhi alifyonza sebule, ukumbi, na chumba cha mtoto mara ya pili. Upepo ukivuma kutoka upande wa rundo, alirudia tena jioni. Alilala akifikiria pembe alizoziruka. Bonnie naye aliipenda mashine ile. Aliifuata kwa magoti, akiuweka uso penye upepo wa uvuguvugu utokao nyuma yake, nywele zikipeperuka, akacheka. Merle alimwona hivyo akafarijika, maana angalau mtoto haogopi.

Kisha mashine ikaanza kukosa nguvu. Alipofungua nyuma alikuta chujio limekuwa jeusi. Dukani walisema jipya litaagizwa mji mwingine, asubiri. Asubiri vipi, na upepo ule? Merle akafanya alivyoona mama yake akifanya na mazulia: alilipigapiga kwenye nguzo ya baraza, akalisugua kwa brashi ngumu, akalirudisha. Mashine ikanguruma kuliko ilivyokuwa mpya, naye akajipongeza. Likijaa analipiga. Likijaa analipiga. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu hakuna aliyejua.

Siku ya kusubiri majibu ya pili, alishindwa kukaa kitako. Simu ilikuwa mezani kwenye chumba cha mbele, naye akawasha mashine ili asiisikilize ikinyamaza. Jua la alasiri lilikuwa limeshuka, likaingia dirishani mlalo. Aligeuka kumtazama Bonnie.

Nyuma ya mashine palitoka moshi. Haukuwa moshi. Ulikuwa uzi mwembamba wa vumbi unaometa juani, mzuri hata, ukipanda na kutawanyika, na katikati yake palikuwa na uso wa mtoto, mdomo wazi, akicheka.

Merle aliizima. Akafungua kifuniko cha nyuma. Chujio lilikuwa limechanika mikunjo mitatu, matundu ya kupitisha kidole. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akikichomeka kwenye umeme kwa mkono wake. Alimbeba Bonnie hadi bafuni, akamwosha uso, akamwosha nywele, akamwosha tena, mtoto akilia, maji yakimwagika kila mahali.

Aliposikia gari alijua kwa namna mlango ulivyopigwa. Kliniki ilikuwa imempigia Tegan kazini.

"Imepanda!" Tegan aliingia na kelele, Brenton nyuma yake. "Imepanda, Brenton! Ni wewe na viatu vyako! Ni nguo zako hizo! Kila siku nasema, kila siku!"

"Navua nje, Tegan. Naapa navua nje. Muulize mama."

"Vua nini! Unaniletea mgodi ndani ya nyumba, halafu unabisha! Kesho tunaondoka."

Brenton aliinamisha kichwa. Mtu mzima yule, mkubwa kama mlango, aliitazama mikono yake kana kwamba kweli ndiyo iliyolileta vumbi. Merle alikuwa kitini, mtoto aliyelowa mapajani, amefunikwa taulo. Angenyamaza tu. Hakuna ambaye angejua kamwe, na Bonnie angeletwa kumsalimu kila likizo. Hofu ya kumkosa ilimwambia anyamaze.

"Mwache mumeo," alisema. "Si viatu."

Alilinyoosha chujio mbele yao, mwanga ukapita kwenye matundu. Tegan alilitazama, kisha akaitazama mashine, kisha zulia ambalo mwanawe alitambaa juu yake kila siku.

"Limechanika lini?"

"Sijui. Nililipiga, mwanangu. Nilitaka liwe safi."

"Na ulikuwa ukiiwasha hivyo?" Sauti ya Tegan ilishuka ikawa ndogo. "Kila siku?"

"Kila siku," Merle alisema. "Na siku za upepo, mara mbili."

Tegan alinyoosha mikono. Merle alimfunga mtoto taulo vizuri, miguu isipate baridi, akamkabidhi.