Mablanketi ya Injini

Mpaka leo nikisikia mtu anasema chuma hakisikii baridi, damu inanichemka. Mimi ni mlinzi wa uwanja mdogo wa ndege kijijini kwetu, huku Ikungi, na najua chuma kinavyosikia baridi.

Ndege ya madaktari huja mara moja kwa mwezi, hulala, huondoka asubuhi na mapema. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu huifanya oili ya injini iwe nzito kama asali. Rubani akiiwasha hivyo, vyuma vinasagana vikavu kabla oili haijavifikia. Ukisubiri jua liipashe, ikifika saa tatu upepo wa Singida umeshaamka, unaupiga uwanja ubavuni, na ndege ndogo hairuki. Kwa hiyo mimi na rubani tulikuwa na utaratibu wetu. Ikishatua tu, injini ingali ya moto, tunaifunika mablanketi matatu mazito, na ndani yake tunasukumia madumu mawili ya maji ya moto.

Safari hiyo abiria alikuwa shangazi yangu. Aliteleza akitoka kisimani akavunjika paja, na mganga wa zahanati alikataza asisafirishwe kwa barabara, maana kila korongo lingeusogeza mfupa. Niliifunika injini kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikaenda msibani. Jirani yetu alikuwa amefariki mchana ule, na kwetu mwanaume asiyelala msibani, siku akifiwa atalala peke yake. Tulilala nje kuuzunguka moto. Nilipitiwa na usingizi, mtu akanifunika, na kulipopambazuka nikaondoka mbio.

Nikaikuta injini iko uchi. Madumu yamepangwa pembeni vizuri kabisa, yamepoa.

Nilirudi msibani nikifoka. Desturi naijua: kukiwa na msiba, vyombo na matandiko ya kijiji kizima ni ya wageni, na hakuna anayebisha hodi mara mbili. Lakini uwanja wa ndege si nyumba ya mtu! Niliuliza ni mjinga gani aliyemvua mgonjwa nguo ili awafunike wazima. Mama mmoja mtu mzima, msimamizi wa vyombo, akanijibu kwa upole kwamba wageni walikuwa wengi, na chuma hakisikii baridi. Nikamjibu maneno ambayo mtu hayasemi mbele ya maiti, na wakati ule sikujuta hata kidogo.

Rubani aliifungulia oili ili tuipashe kwenye moto wa msiba. Ilitoka tone kwa tone, nami nimesimama na sufuria, naapiza kila tone. Tulipomaliza kuirudisha, kile kifuko cha kitambaa kinachoonyesha upepo kilikuwa kimenyooka mlingotini. Rubani akatikisa kichwa. Mguu ulikuwa umevimba, usingengoja kesho yake, basi tukampakia shangazi kwenye gari, nikamshika mguu njia nzima, na kila korongo nililisikia kwenye sauti yake.

Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Shangazi, aliyekuwa akilima toka alfajiri mpaka jua kali, leo anakwenda chooni kwa mkongojo.

Siku ya tatu baada ya mazishi yule mama aliniletea mablanketi, yamefuliwa na kukunjwa. Sikumpa hata shikamoo, jambo ambalo kwetu ni matusi. Nilimwambia nataka kuwajua, mmoja mmoja, wote waliojifunika mablanketi yale wakati shangazi yangu analala na maumivu.

Akaanza kunihesabia.

"Haya mawili walifunikwa wazee waliotoka Mungaa," alisema. "Hili lenye tobo nilikufunika wewe, mwanangu. Ulikuwa unatetemeka."

Nikakumbuka. Nililivuta hadi masikioni, likinuka oili, nikadhani harufu ni ya mikono yangu.