Binti wa Hahamu Shmaya

Mjini Tsfat, jina la Hahamu Shmaya Bivas lilitosha kuzima ugomvi sokoni. Alikuwa mwalimu wa dini ya Kiyahudi na bingwa wa Kabbala, elimu ya siri za Mungu, na watu walipanda vichochoro vya mawe kumletea waliopagawa. Elimu ile hawakufundishwa wasichana. Reina, bintiye wa pekee, aliipata kwa masikio tu, akichambua dengu jikoni huku baba akiwafundisha wanaume chumba cha pili.

Alipokwenda Yerusalemu kusomea uchambuzi wa nafsi kwa mama mmoja mkali aliyetoka Berlin, watu waliguna. Aliporudi akafungua chumba chenye kochi, walicheka waziwazi.

"Eti unalala chali, yeye anakaa nyuma yako, kimya!" Bulisa muuza jibini aliwaambia wateja wake. "Jamani, kusomea kunyamaza! Mume wangu anayo shahada hiyo tangu tuoane."

Baba hakucheka, lakini hakumtetea pia. Hilo ndilo lililomkata Reina maini.

Kisha mkono wa Fortuna, mke wa sonara, ukaanza kumgomea. Jiko aliliwasha kila siku bila shida, lakini Ijumaa jioni, akishika kibiriti awashe mishumaa ya kuikaribisha Sabato, mkono uliganda. Mumewe akasema ni pepo. Hahamu Shmaya alifunga, akasoma majina matakatifu, akapuliza pembe ya kondoo. Wapi! Mwishowe mzee akavaa kofia yake.

"Twende kwa binti yangu," alisema.

Wakapita katikati ya soko mchana kweupe, mzee mbele. Akabisha mlangoni kwa mwanawe kama mgeni.

"Daktari," alisema, "nimekuletea mtu."

Reina alishika kitasa kwa nguvu, machozi yasimtoke.

Kazi haikuwa rahisi. Wiki baada ya wiki Fortuna alifoka, "Wewe ni mtu au ukuta? Nipe basi hata dua!" Maneno ya kumfariji yalimjaa Reina mdomoni, akayameza. Hata siku moja Fortuna akasimulia ndoto: mishumaa inawaka, na mtu anamtazama.

"Nani?" Reina aliuliza.

Fortuna alifumba macho. "Mama. Nilimtukana Ijumaa moja, asubuhi. Jioni nikawasha mishumaa nikijifanya sijali. Usiku akafa." Akalia kilio ambacho matangani hakukilia.

Bado ilichukua miezi. Lakini mvua zilipokwisha, dirisha la sonara lilikuwa na mishumaa miwili inayowaka, na mji mzima ulijua ni mkono wa nani ulioiwasha.

Baba akaja kunywa chai. "Ulimwambia nini?"

"Siri ya mtu haitoki chumba kile, baba."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Mzee akatabasamu ndevuni. "Basi nilikulea vema. Nieleze njia tu."

"Njia ni yako. Ulikuwa ukisema Mungu alijaa kila mahali, ikabidi ajikunje, ulimwengu upate pa kusimama. Nami hujikunja kwa kunyamaza. Mgonjwa akipata nafasi, anaokota vipande vyake mwenyewe."

"Kumbe ulikuwa ukisikiliza!"

"Dengu hazina kelele, baba."

Mzee alicheka hadi chai ikamwagika.

Sabato iliyofuata, mzee Azriel, aliyependa kuchokoza, alimwita katikati ya sinagogi. "Shmaya! Pepo alikushinda, ukakimbilia kwa mwanamke?"

"Alinishinda, ndiyo," Hahamu alijibu, sauti ikafika hadi roshani ya wanawake. "Nilikimbilia kwa anayejua kuliko mimi. Na huyo nimemzaa mimi, Azriel. Wewe una nani?"

Wanaume wakaangua kicheko. Kule juu, wanawake waligeuka wote kumtazama Reina. Bulisa alisogea kwenye benchi akampisha nafasi mbele, penye mwanga. Reina hakuinamisha kichwa. Alikwenda akaketi, shingo imesimama, akafungua kitabu chake cha sala.