Picha Zisizotoka Uani

Hajra ni mtu mkaidi, na mimi ninayesema hivi nimefanya naye kazi tangu siku aliponiwekea kamera begani akaniambia nisitetemeke. Yeye ndiye mwenye studio, mimi Adija ni mpiga picha wake. Kazi yetu ni sherehe za wanawake, zile ambazo hapa Bagamoyo wanaume hufukuzwa nyumba nzima, madirisha yakafungwa, mabaibui yakavuliwa, na watu wakacheza mpaka ushungi wa mtu unakanyagwa sakafuni na mwenyewe hana habari.

Kwa hiyo picha zetu si za kila jicho. Mama wa bi harusi akija kutupa kazi, kabla hajauliza bei atauliza nani atakayezihariri na zitakaa wapi. Hajra humjibu kwamba atazihariri yeye kwa mkono wake, na zitakaa hapa hapa uani. Hatuzirushi mtandaoni, wala hatuzipeleki studio za Dar ambako vijana wa kiume ndio waliojaa kwenye kompyuta. Hajra alisomea kompyuta chuoni kabla hajaolewa. Alinunua seva ya mtumba iliyotoka ofisi moja ya mjini, akaiweka katika chumba cha uani nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Salme. Ni sanduku zito lenye diski sita zinazofanya kazi kama diski moja, na linaandika mambo yake kwa namna kwamba diski moja ikifa, zilizobaki zinajua ilikuwa na nini. Harusi ya mtu hairudiwi, na ndiyo maana Hajra alikubali kukosa friji yake mwenyewe ili apate sanduku hilo.

Basi Shaabani hii, wakati kila mwenye binti anakimbizana na Ramadhani, sanduku likaanza kutufanyia vituko. Picha za zamani lilizifungua vizuri tu. Tabu ilikuwa kuandika. Ukilitia picha mpya lizihifadhi, ule mstari wa kijani kwenye kioo cha kompyuta, unaoonyesha kazi imefika wapi, unasogea kidogo, unasimama, unasogea tena kama unaosukumwa. Na kuhariri ni kuandika mwanzo mpaka mwisho. Hajra alikuwa akibonyeza, anasubiri, anabonyeza, anasubiri, na mimi nakaa pembeni nikihesabu mbu.

Siku hizo ndizo tulizokuwa na kazi ya Nouf. Binti huyu alilelewa Mlingotini na bibi yake, Bi Zuwena, ambaye sasa miguu imemwisha na hatoki kitandani. Bibi hakuweza kuja kwenye sherehe. Nouf alikuwa asafiri na mumewe kwenda Maskati Jumamosi, na alitaka Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, akae kitandani na bibi yake waitazame pamoja video ya sherehe. Jumanne alikuja kutuulizia. Alitukuta tumekodolea macho ule mstari wa kijani, akaelewa bila kuambiwa.

"Da Hajra," alisema, "nikiondoka bibi hajaniona nikicheza, hatoniona tena."

Hajra akamwahidi kwamba atamwona. Nouf alipotoka nilimuuliza kwa ujasiri gani. Akanijibu ninyamaze nimshikie tochi.

Akaanza na diski, kwa sababu kila mtu angeanza na diski. Alizipima moja baada ya nyingine, zote zikasema ni wazima wa afya. Akabadilisha waya, akapuliza vumbi, akasugua kutu ya chumvi ambayo katika mji huu hukaa hata kwenye kijiko. Akaangalia nafasi, ikawa tele. Sanduku likabaki vilevile, lakini likatuonyesha jambo moja la ajabu. Ikifika alasiri linachangamka. Kazi iliyotushinda asubuhi nzima inakwisha tukiwa tunakunywa chai. Kesho yake asubuhi, zito tena. Mimi nikamwambia hilo si la diski, tulifukizie udi. Hakucheka. Mtu akiwa na hasira usimtanie kuhusu mashine yake, nimejifunza.

Jumatano akampigia Abdulswamad, fundi aliyesoma naye, mwenye duka la kompyuta huko Dar. Abdulswamad alisema amletee sanduku. Hajra akakataa. Fundi akasema basi amfungulie njia aingie kwa mtandao, alitazame akiwa huko huko. Hajra akakataa kwa sauti ya juu zaidi, maana mle ndani mna nusu ya wanawake wa Bagamoyo vichwa wazi. Mwisho fundi akamwambia kuna mahali pa kuilazimisha mashine iandike haraka kwa vyovyote vile. Hajra akamuuliza umeme ukikatika katikati itakuwaje. Yule bwana akacheka, akasema aombe Mungu usikatike. Hajra akakata simu.

Lakini lile neno la kulazimisha lilimkaa. Kama unaweza kuilazimisha, ina maana kuna kitu kinachokataa. Alikuwa amezihoji diski zote sita, hakuwahi kuihoji ile kadi ya ndani ya sanduku ambako diski zote zimechomekwa. Alhamisi asubuhi akaihoji, nayo ikasema wazi kwamba betri yake haina chaji.

Alinieleza hivi, na hata mimi nilielewa. Kadi ina kumbukumbu yake ndogo. Ukiipa picha, inazipokea hapo mlangoni, inakwambia lete nyingine, halafu inazipanga kwenye diski kwa wakati wake, kama mwenye duka anayepokea magunia barazani. Lakini hufanya hivyo ikiwa tu betri yake ni nzima, ili umeme ukizimika kilichoko mlangoni kisipotee. Betri ikiwa tupu haithubutu. Inapanga kila gunia ndani kwanza ndipo ipokee la pili. Ikifika alasiri betri imejaa, ujasiri unarudi. Swali likawa, nani anaimaliza betri kila siku? Betri ile haishuki mashine ikiwa na umeme.

Hajra akasema ni umeme wa huku, bila shaka unakatika tukiwa tumelala. Hapo mimi nikamkatalia. Mama yangu anauza barafu za ukwaju, na anazigandisha kwenye friza ya Bi Salme, nyumba hii hii. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeuma moja nikakaribia kung'oka jino. Umeme ungekuwa unakatika usiku kucha, mama angekuwa anauza juisi.

Tukatazamana. Chumba cha uani kina swichi yake, na swichi hiyo iko ukutani, hatua chache kutoka mlango wa Bi Salme. Funguo za uani anazo yeye.

Sasa mwambie mama mkwe kwamba yeye ndiye anayekuharibia kazi, tena ndani ya nyumba yake. Hajra aliyemkatia simu fundi wa Dar alivaa kanga vizuri, akaenda kukaa mkekani ambapo Bi Salme alikuwa akichambua mchele, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavuta ungo wa pili akaanza kuchambua naye. Alizungukia afya, akazungukia bei ya nazi, ndipo akauliza kama mama huwa anauona ule mwanga wa chumbani usiku.

Bi Salme hakuficha hata kidogo. Alikuwa amesikia kwenye maulidi kwamba harusi ya watu fulani ilionekana kwenye simu za wanaume mpaka Chalinze.

"Mabinti wa watu wamelala mle ndani vichwa wazi," alisema. "Mimi nitalalaje na taa za mashine zinakonyeza? Nikishasali Isha nazima. Asubuhi nakuwashia kabla hujaingia."

Alisema kwa fahari, kama mlinzi anayesubiri kusifiwa. Nikafumba macho nikingoja Hajra alipuke, kwa sababu namjua. Hakulipuka. Alicheka mpaka machozi yakadondokea mchele, akamshika mama mkwe wake mkono akaubusu. Nilimpenda sana dakika ile. Halafu akainuka, akaenda chumbani, akarudi na waya mmoja wa buluu, ule wa mtandao.

"Mama, huyo unayemwogopa hapiti kwenye umeme. Anapita humu, na hakuna njia nyingine. Jioni uchomoe ulale nao. Mashine niachie iwake."

Bi Salme aliugeuzageuza, akauliza kama ndio wote. Alipohakikishiwa aliukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sanduku likalala na umeme wake. Asubuhi Hajra akaweka kipande cha kwanza cha Nouf, akabonyeza. Mstari wa kijani ulitoka upande mmoja ukafika wa pili kabla sijavuta kiti. Akaweka kingine, ukapita vilevile. Nilipiga vigelegele vilivyomtoa Bi Salme jikoni na mwiko mkononi, naye akapiga vyake bila kujua tunashangilia nini. Kazi ilikwisha kabla ya adhana. Abdulswamad aliandika kuuliza imekuwaje, na alikuwa tayari kutuletea betri mpya, maana ile ilikuwa imezeeka. Hajra akamjibu betri alete, na kwamba yeye alimuuliza mama mkwe wake.

Mlingotini tulikwenda sote, Bi Salme akiwa mbele kama mwenye mali. Wanaume walitolewa, milango ikafungwa, shuka jeupe la kurushia picha likatundikwa mbele ya kitanda. Nouf alijilaza kando ya bibi yake. Bi Zuwena alikaza macho kwenye shuka. Mjukuu wake alipoingia uwanjani akicheza, kidole cha bibi kilianza kupiga mdundo juu ya mkono wa Nouf, na hakikuacha. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Ilipokwisha, bibi akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mwanamume aliyeiona.

"Hakuna, bibi," Bi Salme alisema. Akafungua mkoba, akautoa waya wa buluu, akamwekea kiganjani. "Njia yenyewe hii hapa. Nalala nayo chini ya mto."

Bi Zuwena aliupapasa kuanzia ncha hadi ncha, akamrudishia. Kisha akamwambia Hajra arudishe mwanzo, anataka kumwona tena mtoto wake akiingia.